Kutoka Mbwaa hadi Maua: Mji katika Simulizi, Vitabu na Filamu za Meru na Embu

Msomaji wa Kenya akiulizwa ataje kazi ya sanaa inayohusu maisha ya mjini, jibu lake huwa Nairobi. Atakumbuka River Road ya Meja Mwangi, au vichochoro vya filamu ya Nairobi Half Life. Pengine ataongeza Mombasa. Ni nadra kumsikia akitaja Meru, Embu, Chuka, Maua au Runyenjes. Hata hivyo Embu na Meru zimekuwa makao ya serikali kwa zaidi ya miaka mia moja. Zina masoko, mahakama, hospitali, vyuo vikuu, mitaa ya wenye nacho na mitaa ya mabati. Katika vitabu na filamu, lakini, miji hiyo imebaki mahali pa kupandia gari la kwenda kwingine.

Makala haya yanafuata safari ya mji katika simulizi, vitabu na filamu zinazowahusu watu wa upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Nashikilia kwamba mji mdogo unastahili sanaa kubwa, na kwamba Meru na Embu zina kila kinachohitajika ili kuipata. Ili kuthibitisha hilo nitapitia historia yetu wenyewe, kisha nitapiga hodi China. Fasihi ya miji ya huko ilianza kwa kuitazama Shanghai na Beijing, na baadaye ikapata nguvu mpya ilipogeuza macho kuelekea miji ya wilayani.

Mji uliokimbiwa usiku

Simulizi za chimbuko la Wameru zinaanzia Mbwaa, kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi. Wanahistoria wamekitafuta katika pwani ya kaskazini ya Kenya, na kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu, ni mojawapo ya mahali panapotajwa. Huko, wasimulizi wanasema, watu walitawaliwa na Nguo Ntune, yaani wenye mavazi mekundu. Watawala hao waliwatwika majaribu yasiyowezekana: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki utakaotoka ardhini hadi mbinguni. Wazee walipoona kwamba majaribu hayana mwisho, waliamua kuhama. Maji yaligawanyika, watu wakavuka. Waliovuka gizani wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukipambazuka wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakawa Njeru, weupe. Hadi leo koo za Wameru zinajitambua kwa makundi hayo.

Simulizi hii haituchorei mitaa wala maduka. Inachotupa ni uhusiano kati ya watu na mahali penye mamlaka: kuna wenye enzi wanaotoa amri, kuna wageni wanaotumikishwa, na uhuru unapatikana kwa kuondoka. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliiweka safari hiyo mwanzoni mwa historia yake. Upande wa Embu, H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya Waembu na Wambeere na kuyachapisha miaka ya 1970. Kazi za watafiti hawa ni hazina. Zimetuhifadhia koo, rika, vita na mabaraza ya wazee kama Njuri Ncheke. Mitaa ya miji ya kikoloni haikuwa kiini chake. Ndiyo maana urithi wetu ulioandikwa una msitu, mlima na shamba kwa wingi, na mtaa kwa uhaba.

Boma, misheni na Majengo

Miji ya leo ilizaliwa kwa bunduki na daftari. Mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliwashambulia Waembu, na baada ya mapigano boma likajengwa Embu. Muda mfupi baadaye Edward Horne, ambaye Wameru walimpa jina Kangangi, alisimamisha boma la Meru. Kila boma lilikuwa na ofisi ya mkuu wa wilaya, kituo cha askari, gereza, na mstari wa maduka ya Wahindi. Pembeni pakakua mtaa wa Majengo, jina linalopatikana Embu na Meru kama lilivyo katika miji mingi ya Kenya. Majengo walikaa askari waliostaafu, wapagazi, wafanyabiashara Waislamu, wapishi, na wanawake waliojitafutia riziki nje ya ulinzi wa ukoo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtu wa Imenti, wa Mbeere, Msomali na Mhindi walielewana kwa lugha hiyo juu ya kaunta ya duka.

Misheni zilijenga makazi ya aina nyingine. Wamethodisti walishika Kaaga, Wakatoliki wa Consolata wakashika Mujwa, Waanglikana Kigari upande wa Embu, na kanisa la Skoti likafungua Chogoria mwaka 1922. Hapo ndipo kalamu ilipoingia. Kijana aliyejua kusoma aliweza kuwa karani, mwalimu au mhudumu wa hospitali, na kila moja ya kazi hizo ilimvuta kutoka shambani. Reli ilifika Nanyuki, haikufika Meru wala Embu. Kwa hiyo safari ya kwenda jijini ilitegemea barabara, na barabara yenyewe ilipita katika mabonde ya mito inayoshuka mlimani, kona baada ya kona: Thuci, Nithi, Mutonga.

Hapa pana riwaya nzima ambayo haijaandikwa. Fikiria Majengo ya miaka ya 1930: msikiti mdogo, nyumba za udongo zenye baraza mbele, harufu ya mandazi alfajiri, mwanamke aliyejenga nyumba kwa pesa zake na kupangisha vyumba kwa makarani. Huyo mwanamke ni mhusika mkuu tayari. Amevunja desturi ya kwao, amepata mali bila mume, na hana hakika mwanawe atazikwa kwa dini ipi.

1954: Jiji linapofukuza

Jiji kubwa liliwafikia watu wa Embu na Meru kwa namna ya kikatili zaidi tarehe 24 Aprili 1954. Alfajiri ya siku hiyo majeshi ya Uingereza yalizingira Nairobi katika operesheni dhidi ya Mau Mau iliyoitwa Anvil. Waliolengwa walitajwa kwa herufi tatu, KEM: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walitolewa vyumbani na kazini, wakapangwa mistari na kuchujwa. Wengi walipelekwa kizuizini Manyani na Mackinnon Road, na familia nyingi zikarudishwa kwenye hifadhi za makabila yao. Katika miaka hiyo ya hali ya hatari, mtu wa KEM hakuweza kufanya kazi jijini bila kitabu maalumu cha kumtambulisha.

Muthoni Likimani alilichukua jambo hilo na kulipa jina la kitabu chake, Passbook Number F.47927, kilichotoka mwaka 1985 na kuwaweka wanawake katikati ya habari za Mau Mau. Marjorie Oludhe Macgoye alilitazama kutoka upande wa pili. Katika Coming to Birth, riwaya ya mwaka 1986, Paulina anawasili Nairobi akitoka magharibi mwa nchi mwaka 1956, jiji likiwa chini ya sheria za hali ya hatari. Kwa kusoma vitabu hivi pamoja tunaona kwamba jiji halikuwa jengo na taa tu. Lilikuwa karatasi. Aliyekuwa na karatasi alikuwa mtu, na asiyekuwa nayo alibebwa kwa lori.

Ukiiweka Anvil karibu na simulizi ya Mbwaa, utaona kwamba mpango wa hadithi ni uleule ila umepinduliwa. Kule Mbwaa watu walitoka wenyewe usiku. Nairobi walitolewa alfajiri. Katika hadithi zote mbili mji ni wa mtu mwingine. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyofanya vizazi vya waandishi wetu kuuona mji kama mahali pa kupita, na shamba kama mahali pa kweli.

River Road na steji ya kwenda nyumbani

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vijana waliosoma walimiminika Nairobi. Miaka ya 1970 ikawa muongo wa riwaya ya jiji. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka 1971, na David Maillu akafuata na vitabu vyake vidogo vilivyosomwa ndani ya basi na chini ya dawati. Lakini aliyelichora jiji kwa kina zaidi ni Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, mji ulio upande wa pili wa mlima huohuo.

Katika Kill Me Quick (1973) vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule na wana vyeti. Wanakuja jijini kutafuta kazi, wanaishia kula kutoka mapipa ya takataka, kisha gerezani. Katika Going Down River Road (1976) Ben na Ocholla wanajenga jumba la ghorofa nyingi linaloitwa Development House. Kadiri jumba linavyopanda, maisha ya wanaolijenga yanashuka. Mwangi hakuhitaji kuhubiri. Aliweka zege, jua, njaa na pombe haramu ukurasani, na msomaji akaelewa maendeleo yale yalikuwa ya nani.

Eneo la River Road lina maana ya pekee kwa mtu wa Embu au Meru. Hapo karibu, Accra Road, kuna steji ya Tea Room, mahali matatu za Mwea, Embu, Chuka na Meru zinapopakia. Makanga wanaita majina ya nyumbani kwa sauti kuu, "Embu, Runyenjes! Chuka, Nkubu, Meru!" Abiria anashuka na gunia la ndizi au mfuko wa maharagwe aliofungiwa na mama, na hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa gari anaingia katika jiji la Mwangi. Kwa maelfu ya watu wetu, mtaa huo ndio uliokuwa sura ya kwanza ya Nairobi. Tumesoma riwaya hiyo kwa macho ya anayeshuka garini. Tunayoisubiri ni riwaya ya mji alioondoka asubuhi.

China: kutoka Shanghai hadi Fenyang

Hapa ndipo mfano wa China unapotufaa. Karne ya 20 ilipoanza, nchi hiyo ilikuwa ya wakulima, na miji yake mikubwa ya pwani ilikuwa imeshikwa kwa sehemu na mataifa ya kigeni. Waandishi wake walikabili maswali yaliyotukabili sisi: mtoto wa mkulima anakuwa nani akiingia mjini, na mji ni wa nani?

Mao Dun, katika riwaya yake ya mwaka 1933 kuhusu Shanghai ya wenye viwanda, anaanza na mzee wa mashambani anayeletwa jijini na wanawe. Taa, magari, mavazi na kelele zinamlemea, na usiku uleule anafariki. Zamani na kijiji vimekata roho katika sura ya kwanza. Lao She, mwana wa Beijing, alianza kuchapisha hadithi ya Xiangzi mwaka 1936. Xiangzi ni kijana wa shamba anayevuta rikisho. Ndoto yake ni moja: kununua rikisho lake mwenyewe. Ananunua, askari wanamnyang'anya. Anaweka akiba tena, inaibwa. Mwishowe mwili wake wenye nguvu na moyo wake mwema vyote vimechakaa. Mtu aliyesoma Kill Me Quick hatakuwa mgeni katika kitabu hicho. Xiangzi, Meja na Maina wangetambuana barabarani.

Filamu za Shanghai za miaka ya 1930 zilikwenda sambamba na vitabu. Mwaka 1934 Wu Yonggang aliongoza Shennü, filamu isiyo na sauti ambamo Ruan Lingyu anaigiza mama anayeuza mwili ili mwanawe asome. Wazazi wengine wanataka mtoto afukuzwe shule kwa sababu ya kazi ya mama. Ada ya shule, heshima ya mtaa na upweke wa mama asiye na mume: ni mambo ambayo Majengo yoyote ya Afrika Mashariki inayafahamu.

Fasihi ya China haikuishia jijini. Mwaka 1934, Shanghai ikiwa kileleni, Shen Congwen alichapisha riwaya ya mji mdogo wa mpakani, penye kivuko, mto na binti anayelelewa na babu yake. Akaonyesha kwamba mahali pasipo na taa nyingi panaweza kubeba mapenzi na majonzi ya binadamu kikamilifu. Miongo sita baadaye Jia Zhangke, aliyezaliwa mwaka 1970 katika mji wa Fenyang mkoani Shanxi, alirudi kwao na kamera. Filamu yake Xiao Wu, ya mwaka 1997, inamfuata mwizi wa mifukoni mjini humo huku maduka ya zamani yakibomolewa na rafiki wa zamani akiona haya kumwalika harusini. Waigizaji hawakuwa wa kitaaluma. Barabara zilikuwa zilezile alizokulia. Filamu hiyo ilionyeshwa Berlin, na mji mdogo wa wilayani ukaingia katika historia ya sinema.

Jia hakungoja Fenyang iwe Shanghai ndipo aipige picha. Aliiona ilivyo, na vumbi lake, karaoke zake na vipaza sauti vyake. Hilo ndilo somo ninalolibeba hadi Embu na Meru.

Kibanda cha video

Sinema yenyewe iliingia kwetu kwa magari. Enzi za ukoloni serikali ilizungusha magari ya sinema kuonyesha filamu za kilimo, usafi na utii. Baada ya uhuru magari ya aina hiyo yaliendelea kufika sokoni na shuleni, yakichanganya matangazo ya bidhaa na filamu za kusisimua. Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya nguzo mbili, jenereta ikanguruma, na soko zima likaketi chini kwenye nyasi.

Kisha kikaja kibanda cha video. Chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa gunia au blanketi, mabenchi ya mbao, televisheni imefungiwa ndani ya kasha la vyuma lililotundikwa juu. Nje, ubao umeandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Ndani, jasho, njugu, na kelele za vijana wanaojua kila pigo kabla halijatua. Filamu zilizotawala zilitoka Hong Kong, hasa za Bruce Lee na baadaye za Jackie Chan, pamoja na za Marekani na India. Msimulizi wa filamu aitwaye DJ Afro akafanya kitu cha ajabu: alisimulia filamu hizo upya kwa Kiswahili cha mtaani, akawapa wahusika majina na tabia za Kikenya, hata mapigano ya Hong Kong yakasikika kama ugomvi wa majirani. Mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kichina akapata hadithi kamili, na kicheko juu yake.

Tusiudharau ufundi huo. Ni mwendelezo wa msimulizi wa jioni, isipokuwa sasa anasimulia juu ya picha zinazotembea. Na ndani ya vibanda hivyo, katika masoko ya mlimani, kizazi kizima kilijifunza namna hadithi ya mjini inavyosukwa: mgeni anawasili, anaibiwa, anapata kundi, analipiza kisasi au anapotea.

Mwaka 2011 mlango mwingine ulifunguka. Televisheni ya taifa ya Tanzania ilianza kuonyesha tamthilia ya Beijing iliyotiwa sauti za Kiswahili, inayomhusu mke kijana Doudou na mama wakwe zake. Hapakuwa na upanga wala teke. Palikuwa na kodi ya nyumba, talaka, hospitali na chakula cha jioni chenye maneno mazito. Wasemaji wa Kiswahili wakaona kwamba mji wa China una mavyaa kama wetu. Mwaka 2019 Yvonne Owuor alikamilisha mzunguko huo kwa riwaya ya The Dragonfly Sea, ambamo Ayaana anatoka kisiwa cha Pate na kwenda kusoma Xiamen. Pate iko katika visiwa vya Lamu, pwani ileile ambako Mbwaa inatafutwa. Bahari waliyovuka wahenga wa Wameru kukimbia, binti wa riwaya anaivuka ili akatafute dunia.

Kalamu ya Kiswahili kutoka Tharaka

Waandishi wa eneo letu hawakukaa kimya. Mkubwa wao katika Kiswahili ni Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mshairi na mtunzi wa tamthilia. Mchezo wa Karata na Natala zilitoka mwaka 1997, Bara Jingine na Kifo Kisimani mwaka 2001. Natala inamhusu mwanamke anayeambiwa mumewe amekufa, naye anajikuta akipambana na wenye vyeo wanaotaka hongo na jamaa wanaotaka kumrithi pamoja na ardhi. Ofisi katika tamthilia hiyo ni kama Mbwaa ndogo: mtu anatakiwa kutimiza masharti yasiyo na mwisho ili apewe haki yake. Mberia ameandika bila kufungwa na vina na mizani, na ushairi huru wa Kiswahili nchini Kenya hauwezi kuzungumzwa bila jina lake.

Kwa wanafunzi wa Kangaru, Kaaga, Chogoria na shule nyingine zote, mji wa Kiswahili ulikuja kupitia vitabu vya kutahiniwa. Walisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Maimuna anatoka katika nyumba iliyomfungia na kuangukia dunia ya mjini. Baadaye walisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege, tamthilia ya mwaka 2009 kuhusu mji wa Cheneo, ambako Meya anaishi kwa anasa huku wafanyakazi wakigoma, taka zikijaa na zahanati zikikosa dawa. Cheneo haipo kwenye ramani, na kwa hiyo ipo kila mahali. Mwanafunzi wa Embu aliyepita kando ya rundo la taka asubuhi akienda shuleni alijua vyema ni mji gani unaosemwa.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, vyeo vya meya vilikwisha na serikali za kaunti zikachukua nafasi. Embu, iliyokuwa makao ya Mkoa wa Mashariki, ikawa makao ya kaunti. Meru vilevile. Vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu vimeleta maelfu ya vijana kutoka kila pembe ya nchi, na mashamba ya kahawa kandokando ya barabara yamegeuzwa nyumba za kupanga. Haya ni mabadiliko makubwa, na yanatokea mbele ya macho yetu.

Maua kwenye kioo

Mwaka 2012 David Gitonga, anayejulikana kama Tosh, aliongoza Nairobi Half Life. Kijana Mwas anauza diski za filamu mashambani, akiwaigizia wateja vipande vya filamu hizo ili wanunue. Anaenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza na kuonja rumande. Baadaye anaishi maisha mawili, jioni jukwaani na usiku na genge. Kenya iliiteua ishindanie tuzo ya Oscar, mara ya kwanza kwa filamu ya nchi hii. Mwas ni mtoto wa kibanda cha video, na hadithi yake ni ya Xiangzi iliyofika karne ya 21.

Filamu iliyofuata njia ya kinyume ilitoka mwaka 2014. Inaitwa Veve, jina la mtaani la miraa. Iliongozwa na Simon Mukali kutokana na mswada wa Natasha Likimani, chini ya ushirikiano uleule uliozaa Nairobi Half Life, wa kampuni ya Kijerumani ya One Fine Day Films na Ginger Ink ya Nairobi. Amos ni mwanasiasa wa Maua anayetaka kushika kura na biashara ya miraa kwa mkono mmoja. Mkewe Esther amechoka kuwa pambo. Kenzo, ambaye baba yake aliuawa, anaingia katika biashara hiyo akiwa na kisasi moyoni. Wakulima wanajaribu kujiunga pamoja ili wapate bei ya haki.

Umuhimu wa Veve ni kwamba mji mdogo wa Igembe umekuwa kitovu cha hadithi. Safari hii hatufuati kijana anayeukimbia mji wake. Madaraka, pesa na mapenzi yote yako Maua. Na ukweli wa Maua unastahili hilo. Miraa huchumwa asubuhi, hufungwa mafungu kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na mchana huwa imeshapakiwa kwenye pikapu zinazokimbia kwenda Nairobi kwa kasi inayowatisha watumiaji wengine wa barabara. Bei ya kangeta au ya giza, ambazo ni aina za miraa, huenda ikaamuliwa na uamuzi uliofanywa ng'ambo. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014. Mwaka uleule Veve ilipotoka, wakulima wa Nyambene walikuwa wakihesabu hasara. Mji wenye uhusiano wa namna hiyo na London, Amsterdam na Mogadishu si kijiji cha pembeni.

Maji ya Mbeere, taa za Nairobi

Upande wa Embu una hadithi nzito vilevile. Mto Tana, unapopita kusini mwa Mbeere, umefungwa kwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa miongo mingi mabwawa hayo yamebeba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya. Taa za River Road ambazo riwaya zimezisifu na kuzilaani ziliwashwa na maji yaliyofunika malisho na mashamba ya watu.

Jia Zhangke alikutana na jambo la aina hiyo. Filamu yake ya mwaka 2006, inayojulikana kimataifa kama Still Life, inamfuata mchimba makaa kutoka Shanxi anayemtafuta mkewe Fengjie, mji unaobomolewa tofali kwa tofali kabla haujafunikwa na maji ya bwawa la Three Gorges. Kwa filamu hiyo alishinda Simba wa Dhahabu mjini Venice. Siri yake ilikuwa subira. Aliacha kamera ikae na wabomoaji wanapokula, wanapovuta sigara, wanapoonyeshana noti yenye picha ya mahali walipotoka. Mbeere ina wazee waliohamishwa, ina watoto waliokulia chini ya nyaya za umeme zilizopita juu ya paa bila kushuka nyumbani. Mwandishi au mwongozaji akiketi nao kwa subira ileile, atapata kazi itakayomfundisha mkazi wa Nairobi kile anachokiwasha anapobonyeza swichi.

Wajibu wa kizazi hiki

Safari hii imetoka Mbwaa hadi Maua, na ndani yake mtazamo umebadilika. Simulizi ya kale iliuona mji kama mahali pa kukimbia. Vitabu vya hali ya hatari vikauonyesha ukifukuza watu. Riwaya za miaka ya 1970 zikauonyesha ukiwameza. Veve ikathubutu kuuonyesha mji wetu wenyewe, wenye watawala wetu na dhambi zetu. Hatua inayofuata ni kuuandika mji kama nyumbani.

Kazi hiyo ina watu wa kuifanya. Idara za fasihi na lugha katika vyuo vya Chuka, Embu na Meru ziwatume wanafunzi wakarekodi wazee wa Majengo, wachuuzi wa soko la Gakoromone, makanga wa steji na wanawake waliojenga nyumba za kupangisha kabla ya uhuru, kwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kiswahili. Maktaba za umma zilizoko Embu na Meru zihifadhi rekodi hizo ambapo mwandishi yeyote anaweza kuzifikia. Serikali za kaunti, zinazotumia fedha kwa sherehe za utamaduni zenye ngoma na mavazi ya kale, zitenge sehemu kwa mswada wa filamu na kwa riwaya. Ngoma ya ukoo ni urithi, na mtaa wa miaka mia moja nao ni urithi.

Mwandishi kijana wa Runyenjes au Laare asidhani kwamba ni lazima ahamie Nairobi ili apate la kuandika. Shen Congwen alipata riwaya kwenye kivuko. Jia Zhangke alipata sinema katika mtaa wa kwao. Meja Mwangi alishuka kutoka mlima huuhuu tunaouona kila asubuhi, akaipa Nairobi kitabu ambacho haijakisahau. Meru na Embu zinamdai mwana wao fadhila kama hiyo, na malipo yake yatasomwa na nchi nzima.